Kichujio kisimame wapi? Kisa cha Spamhaus, Machi 2013

Jumatatu ya Machi 18, 2013, tovuti ya Spamhaus, shirika la kupambana na barua taka, iliacha kufunguka. Seva zilikuwa zima, umeme ulikuwapo, na hakuna aliyeingia ndani akavuruga faili hata moja. Kilichojaa ni njia ya kuzifikia. Data ilimiminika kwa wingi ambao hata wenye seva hawakuweza kuupima, kwa sababu njia ikishajaa, mita ya upande wako inasoma ujazo wa njia tu. Kilichobaki nje kinasukumana hakionekani.

Nimekirudia kisa hiki mara nyingi kwa sababu moja. Spamhaus ni watu ambao kazi yao yenyewe ni kuchuja anwani za IP, yaani namba zinazotambulisha mashine mtandaoni. Wanaishi kwa hiyo. Kama kuna watu duniani wenye orodha nzuri ya anwani mbaya, ni wao, na wiki ile orodha haikuwaokoa. Wengi wetu tunaosimamia seva huamka asubuhi, tukafungua logi, tukaokota anwani zilizobisha hodi usiku kucha, tukazitia kwenye faiwoli na kujiona tumemaliza. Ndiyo maana naona tukichambue kisa hiki polepole.

Orodha na watu wake

Spamhaus ilianzishwa mwaka 1998 na Steve Linford kupambana na barua taka. Namna inavyofanya kazi ni nyepesi na ya akili sana. Seva ya barua pepe inapobishiwa hodi na anwani, tuseme 192.0.2.10, haikimbilii kusoma barua. Kwanza inaigeuza anwani hiyo nyuma-mbele, inaiunganisha na jina la Spamhaus, kisha inaiuliza DNS, yaani mfumo unaotafsiri majina ya mtandaoni kuwa anwani: je, 10.2.0.192.zen.spamhaus.org ipo? Jibu likiwa 127.0.0.2, anwani imo kwenye orodha, na barua inakataliwa mlangoni kabla haijapokelewa. Jibu likiwa jina hilo halipo, mgeni anapita. Yote hayo yanaisha kabla hujapepesa jicho.

Orodha yenye nguvu namna hiyo lazima iwe na wanaoichukia. Wengine wana haki ya kulalamika: anwani si mtu, na kuifungia anwani kunaweza kumuumiza asiyehusika. Kwenye mitandao ya simu ya huku kwetu wateja wengi mno hutoka nje kwa anwani moja ya pamoja. Mmoja akiharibu nawe ukaifungia anwani ile, umefungia mtaa mzima, pamoja na mama anayetaka kulipa ada ya mtoto kwenye tovuti yako. Hilo ni la kukumbuka kila unapoandika sheria ya kuzuia.

Lakini waliotajwa katika mgogoro huu hawakuwa wa namna hiyo. CyberBunker ilikuwa kampuni ya kupangisha seva Uholanzi, iliyoanzia katika handaki la zamani la NATO, na ilijitangaza kwamba itahifadhi chochote isipokuwa ponografia ya watoto na mambo ya ugaidi. Spamhaus iliiingiza kwenye orodha yake. Shambulio likafuata.

Kadi elfu thelathini

Sasa tuje kwenye shambulio lenyewe, na hapa naomba tusiharakishe.

Fikiria mtu ameandika kadi elfu thelathini kwenda maduka elfu thelathini: "Nitumieni orodha yenu yote ya bidhaa." Nyuma ya kila kadi, mahali pa mtumaji, ameandika sanduku lako la posta. Wewe hujaandika hata mstari mmoja. Kadi ni nyepesi, ila orodha ya bidhaa ni kitabu kizima. Kesho yake karani wa posta anakuta magunia yamefika dari, yote kwa jina lako, na kila duka lililotuma halina hatia, limemjibu mteja tu.

Maduka katika kisa hiki yalikuwa seva za DNS zilizo wazi, yaani zinazomjibu yeyote duniani anayeuliza, hata asiye mteja wao. Aliyeshambulia aliziuliza kumbukumbu za jina ripe.net. Kwa hesabu iliyotolewa na Cloudflare, kampuni ya San Francisco iliyokuja kuwasaidia Spamhaus, swali lilikuwa na baiti 36 hivi na jibu takriban baiti 3,000. Kwa hiyo kila alichotuma mshambuliaji kilifika kwa mlengwa kikiwa kimekua karibu mara mia. Seva zilizoonekana zikishiriki zilizidi 30,000, kila moja ikitoa wastani wa megabiti 2.5 kwa sekunde. Zidisha mwenyewe: ni gigabiti 75 kwa sekunde. Ili kuyapata hayo yote, mshambuliaji alihitaji kuwa na megabiti 750 tu mkononi, kiasi ambacho seva chache zilizokodishwa mahali pazuri zinakitoa.

Haya yanawezekana kwa sababu maswali ya kawaida ya DNS husafiri kwa UDP, mojawapo ya taratibu mbili kuu za kusafirisha data, nyingine ikiwa TCP, na UDP haina kupeana mikono. Kwenye TCP, kabla ya mazungumzo, pande mbili lazima zijibizane. Ukidanganya anwani yako, jibu litakwenda kwa mwingine na mazungumzo yatakufa hapohapo. Kwenye UDP unatupa pakiti, yaani kifurushi kidogo cha data, na kuondoka. Anayeipokea anaamini kilichoandikwa mahali pa mtumaji, kama duka linavyoamini sanduku la posta lililo nyuma ya kadi.

Jiweke basi kwenye kiti cha msimamizi wa Spamhaus usiku ule. Utachuja nini? Anwani 30,000 zinazokupiga ni za kweli. Ni seva za watoa huduma, za vyuo, za ofisi. Ukizifungia zote kwa siku nzima, kesho mshambuliaji anachukua nyingine, maana kulikuwa na seva zaidi ya milioni 20 za namna hiyo zilizokuwa wazi duniani mwaka ule. Anwani ya mshambuliaji mwenyewe huioni popote. Haimo kwenye logi yako, haijawahi kukugusa.

Kuna kichujio bora kidogo. Seva ya tovuti haina sababu ya kupokea majibu ya DNS kutoka kwa umma, kwa hiyo kila pakiti ya UDP inayotoka poti 53, namba ya mlango wa huduma ya DNS, kuja kwake inaweza kudondoshwa bila kuangalia ni ya nani. Sheria moja badala ya elfu thelathini. Hata hapo kuna mtego ambao umewaangusha wengi. Jibu la baiti 3,000 halienei katika pakiti moja ya kawaida ya baiti 1,500, hivyo linakatwa vipande. Namba ya poti imeandikwa kwenye kipande cha kwanza peke yake. Vipande vinavyofuata vinafika bila poti yoyote, sheria yako inavitazama, haivitambui, vinapita. Anayeandika sheria ya poti bila kuandika ya vipande ameziba nusu ya tundu.

Na hata ukiyajua yote hayo, bado hujaokoka. Kichujio chako kimesimama mwisho wa bomba. Bomba likiwa na uwezo wa gigabiti 10 na kinachokuja ni 75, pakiti za wateja wako wa kweli zinapotea kabla ya kukufikia, huko juu, mahali ambapo huna amri. Ni sawa na kumwambia karani wa posta asitie magunia yale kwenye sanduku lako, wakati malori yameshaziba lango la posta na hakuna barua inayoingia.

Walivyojinasua

Spamhaus waliwasiliana na Cloudflare. Dawa iliyotumika haikuwa orodha ndefu zaidi. Ilikuwa kumsogeza mlinzi mbali na mlango, na kumfanya awe wengi. Cloudflare walikuwa na vituo 23 duniani, na vyote vilitangaza anwani ileile kwa pamoja, hivyo kila pakiti ilielekea kituo kilicho karibu na ilikotoka. Gigabiti 75 zikigawanywa kwa 23 ni gigabiti tatu na kitu kwa kituo. Hapo sasa kile kichujio cha poti 53 kinafanya kazi yake, kwa sababu bomba lililo mbele yake halijajaa. Sheria ilikuwa ileile ambayo Spamhaus wangeweza kuiandika kwenye seva yao. Kilichobadilika ni mahali iliposimama.

Siku zilizofuata mashambulio yalicheza kati ya gigabiti 30 na 90, na Machi 22 yakafika 120. Tovuti ikabaki wazi. Orodha zenyewe za kuzuia, ambazo zilikuwa zimetawanywa kwenye seva nyingi katika nchi mbalimbali, ziliendelea kujibu.

Waliokuwa wakishambulia walipoona mlango hauvunjiki, wakageukia barabara. Walianza kulenga mitandao ambayo Cloudflare walinunua kwayo njia, na mmoja wa watoa huduma wakubwa wa dunia aliripoti kuona zaidi ya gigabiti 300 kwa sekunde. Kisha wakalenga vituo vya kubadilishana data, mahali mitandao inapokutana na kupeana data. Machi 23, kituo cha London, LINX, kiliyumba kwa saa moja hivi, na data iliyopita humo ikapungua waziwazi. Magazeti yalisema intaneti ilikaribia kuvunjika. Wapo wataalamu waliosema maneno hayo yamekuzwa, nami nakubaliana nao: wengi duniani hawakuhisi kitu. Lakini London walihisi.

Kilichotokea LINX kina somo la kuchuja ambalo halizungumzwi vya kutosha. Kwenye kituo cha kubadilishana data, kila mwanachama anachomeka ruta yake, mtambo unaoelekeza pakiti, kwenye mtandao mmoja wa pamoja, na kila ruta inapewa anwani ya mtandao huo. Anwani zile ni za majirani kusalimiana. Mtu wa nje hana shughuli nazo kabisa. Hata hivyo baadhi ya mitandao ilikuwa inazitangaza nje, kwa hiyo mtu aliye upande wa pili wa dunia aliweza kuzilenga na kuijaza mitambo ya kituo chenyewe. Marekebisho yalikuwa kuhakikisha anwani hizo hazitangazwi nje, na kuzichuja pembezoni mwa mtandao. Anayechomeka ruta yake TIX pale Dar es Salaam au KIXP Nairobi aikague mipangilio yake kwa jicho hilo.

Posta ya mtaa wa mwandishi

Hadi hapa tumezungumzia vichujio vya aliyeshambuliwa na vya majirani zake. Rudi kwenye kadi zile elfu thelathini. Kuna mtu mmoja tu ambaye angeweza kuzizuia zote kwa kuangalia mara moja: karani wa posta ambako zilitumwa. Kadi zinatoka Temeke na nyuma zimeandikwa sanduku la posta la Geneva. Karani anayekagua anasema, hapa zinatoka kadi za masanduku ya hapa, hizi hazipiti. Habari imeishia hapo.

Kwa lugha ya mtandao: mtoa huduma anajua fika ni anwani zipi amempa mteja wake. Pakiti inayotoka kwa mteja huyo ikiwa na anwani ya chanzo isiyokuwa miongoni mwa hizo ni ya uongo, au mteja amekosea mipangilio. Vyovyote vile haina sababu ya kuendelea na safari.

Wazo hili halikuzaliwa na kisa cha Spamhaus. Septemba 1996, mtoa huduma wa New York aitwaye Panix aliangushwa na mafuriko ya maombi ya TCP yenye anwani za chanzo za kughushi. Januari 1998, Paul Ferguson na Daniel Senie wakatoa waraka RFC 2267, mmoja wa nyaraka za kiufundi za intaneti, ulioeleza namna ya kuchuja pakiti za uongo zinapoingia kutoka kwa mteja. Mei 2000 waraka huo ukaboreshwa kuwa RFC 2827, unaojulikana zaidi kwa jina la BCP 38. Ni waraka mfupi. Unausoma kabla chai haijapoa.

Kutoka Mei 2000 hadi Machi 2013 ni karibu miaka 13. Hilo ndilo linaloniuma katika kisa hiki kuliko gigabiti zote. Dawa ilijulikana, ilikuwa imeandikwa kwa lugha nyepesi, na ruta nyingi zilikuwa na uwezo wa kuitumia. Haikuwekwa mahali ilipohitajika kwa sababu anayeiweka halindwi nayo. Mimi nikichuja kwangu, anayelindwa ni wewe. Gharama ni yangu, faida ni ya mtu nisiyemjua. Kwa bosi anayetazama bajeti, hoja hiyo haina mshindo. Kuna ugumu wa kiufundi pia: mteja mwenye njia mbili za kutoka anaweza kutuma kupitia mtoa huduma huyu pakiti yenye anwani aliyopewa na yule, na ukichuja kwa pupa utamkatia mtu mwema. Waraka RFC 3704 wa Machi 2004 uliandikwa kulitatua hilo. Kwa mteja wa kawaida mwenye waya mmoja, yaani walio wengi, ugumu huo haupo.

Kuhusu wahusika nitapita haraka. Aprili 2013 Mholanzi mmoja aliyehusishwa na CyberBunker alikamatwa Hispania. Uingereza, kijana wa London aliyekuwa na miaka 16 wakati wa shambulio alikiri kushiriki, na akapewa adhabu ya kutumikia jamii. Kukamatwa kwao hakukubadilisha njia. Februari 28, 2018, GitHub, tovuti ya kuhifadhi msimbo wa programu, ilipigwa kwa terabiti 1.35 kwa sekunde. Safari hii waliotumiwa kama maduka yale ni seva za memcached, programu ya kuhifadhi data kwa muda, zilizoachwa wazi kwenye poti 11211. Kadi zilikuwa mpya, ila uongo ulikuwa uleule wa sanduku la posta.

Chuoni kwetu

Nilianza kukichukulia kisa hiki kama changu miaka kadhaa baada ya hapo, nilipokuwa nasimamia mtandao wa chuo kimoja. Watu walilalamika kwamba intaneti inakuwa nzito usiku, wakati ambapo madarasa ni matupu. Nikakaa usiku mmoja, nikafungua tcpdump, programu ya kutazama pakiti zinazopita, kwenye seva yetu ya DNS, nikaichujia poti 53. Saa nane na dakika kumi mistari ikaanza kukimbia. Anwani moja ya nje, nchi ambayo chuo hakina uhusiano nayo, inauliza jina lilelile mara kwa mara, swali la aina ya ANY, linaloomba kumbukumbu zote za jina, na seva yetu inajibu kila mara kwa utiifu, jibu nene, tena na tena. Ilinichukua dakika chache kuelewa kwamba mwenye anwani ile hakuwa anauliza chochote. Alikuwa anapigwa, na waliompiga ni sisi.

Nilinyanyuka kwenye kiti. Nilikuwa nimesoma habari za seva 30,000 za Machi 2013 kama habari za watu wazembe wa mbali.

Marekebisho ya kwanza yalikuwa mstari mmoja kwenye faili ya mipangilio: anayeruhusiwa kuuliza ni aliye ndani ya mtandao wetu, 10.20.0.0/16, na si mwingine. Nikaiwasha upya huduma. Mistari ya maswali iliendelea kukimbia, ila majibu yakawa ni ya kukataa, mafupi kama swali lenyewe. Nikaongeza sheria kwenye ruta ya kuyadondosha maswali ya nje kabisa, na skrini ikatulia.

Ya pili ndiyo ile ya karani wa posta. Kwenye upande wa ruta unaotazama ndani niliandika kwamba pakiti yoyote itakayoingia kutoka kwetu iwe na chanzo cha 10.20.0.0/16. Isiyo nacho idondoshwe, na ihesabiwe. Ndiyo BCP 38 nzima kwa chuo cha ukubwa wetu. Niliiandika kwa ajili ya heshima tu, nikiamini kihesabio kitabaki sifuri, maana nani kwetu angeghushi anwani?

Asubuhi nilipofika nikakuta kinapanda mbele ya macho yangu. Nikachukua anwani ya kadi ya mtandao iliyokuwa inatuma, nikaifuata kwenye jedwali la swichi, poti ya kumi na saba, waya wa bluu unaokwenda maabara ya pili. Kompyuta ya tatu kutoka dirishani, skrini imezimwa, feni inavuma kwa nguvu na hakuna mtu kwenye kiti. Nikachomoa waya, nikarudi ofisini kutazama kihesabio. Kilikuwa kimesimama.